Bolti ya aleni: shimo la kuzamishia kichwa liwe pana kiasi gani, na kina gani?

Mkerezaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, swali la "M8 nitoboe ngapi ili kichwa kizame" huwa linajibiwa kwa namba tupu. Mmoja atasema 15, mwingine 14, mwingine "ongeza milimita moja juu ya kichwa". Namba isiyo na sababu inamtupa fundi siku anapokutana na bolti ambayo haimo kwenye jedwali lake. Nataka hapa tuweke hesabu yenyewe, kila mtu aweze kuifanya kwa kalipa na karatasi.

Tuelewane kwanza kwa majina. Ninazungumzia bolti ya aleni, ile yenye kichwa cha silinda na tundu la pembe sita ndani yake. Kiwango chake ni ISO 4762, zamani DIN 912. Namba baada ya M (M6, M8) ni kipenyo cha mwili wake kwa milimita. Bolti hii inakaa kwenye matundu mawili yaliyofuatana kwenye mstari mmoja. La juu ni pana na linameza kichwa, nitaliita shimo la kichwa. La chini ni jembamba na linapitisha mwili, nitaliita tundu la mwili. Yanapokutana panabaki ngazi bapa, hiyo ndiyo kikalio. Nguvu yote ya kukaza inatua kwenye kikalio. Shimo la kichwa halibebi mzigo wowote, ni nafasi tu.

Anza na bolti iliyo mkononi. Kwa saizi za kawaida urefu wa kichwa ni sawa na M yake, na kipenyo cha kichwa ni kama mara moja na nusu au zaidi kidogo: M6 ina kichwa cha 10, M8 ina 13, M10 ina 16, M12 ina 18, M16 ina 24. Ndogo ni 5.5 kwa M3, 7 kwa M4 na 8.5 kwa M5. Wengi wanaishia hapo. Ukichunguza pembeni mwa kichwa, bolti nyingi zina michirizi ya kushikia kwa vidole, na kiwango kinairuhusu michirizi hiyo ivimbishe kichwa hadi 10.22 kwa M6, 13.27 kwa M8, 16.27 kwa M10 na 18.27 kwa M12. Hizo ndizo namba za kuingiza kwenye hesabu.

Halafu tundu la mwili. ISO 273 inatoa daraja tatu: finyu, wastani na pana. M6 ni 6.4, 6.6 au 7. M8 ni 8.4, 9 au 10. M10 ni 10.5, 11 au 12. M12 ni 13, 13.5 au 14.5. Unachagua kulingana na jinsi unavyoamini matundu yako yatakavyolingana na yale ya chini yenye meno.

Sasa unganisha. Ndani ya tundu la mwili bolti inaweza kusogea pembeni mpaka mwili uguse ukuta. Ikisogea, kichwa kinakwenda nayo. Kwa hiyo shimo la kichwa lazima liwe pana vya kutosha kukiruhusu kichwa kifike kila mahali ambako mwili unaweza kufika:

shimo la kichwa = kichwa kikubwa kabisa + (tundu la mwili toa M) + mara mbili ya kosa la vitovu

Kosa la vitovu ni umbali kati ya kitovu cha shimo la juu na cha tundu la chini. Jaribu M6 yenye tundu la 6.6: 10.22 jumlisha 0.6 ni 10.82. Jedwali la DIN 974, kiwango cha mashimo ya vichwa, linasema 11. Baki ni 0.18, yaani vitovu vinaweza kupishana 0.09 tu. M12 yenye 13.5: 18.27 jumlisha 1.5 ni 19.77, jedwali linasema 20. Namba za jedwali zilipotoka sasa mnapaona.

---

Fremu_Nzito

Mkuu umenigusa pabaya. Nina bamba lenye bolti nne za M8. Mchoro nilioletewa unasema tundu la mwili 9, shimo la kichwa 14. Bolti mbili zinaingia vizuri, mbili zinakwaruza ukuta wa juu kabla hazijakaa. Nimepima matundu yangu yote, yako sawasawa na mchoro. Mwenye mchoro anasema 14 ni ya jedwali lake na ni sahihi.

---

Mkerezaji

Fremu_Nzito, wote wawili mnasema kweli. Yapo majedwali yanayoipa M8 shimo la 14 na mengine yanayoipa 15. Weka kwenye hesabu: 13.27 jumlisha 1.0 ni 14.27. Kwa 14 umepungukiwa 0.27 hata kama vitovu vimelala juu ya kimoja. Bolti zako mbili zinakwaruza kwa sababu matundu ya meno ya chini yamesogea kidogo. Tundu la 9 lilikuwa tayari kuvumilia mwendo huo, ila kichwa kimegonga ukuta kabla mwili haujautumia uhuru wake.

14 inafanya kazi ukiwa na tundu finyu la 8.4, maana 13.27 jumlisha 0.4 ni 13.67. Mwenye mchoro amechukua shimo la kichwa lenye nafasi ndogo akalioza na tundu la mwili lenye uhuru mkubwa. Kila namba peke yake ni halali, pamoja hazipatani.

Panua hadi 15 kama nyama ya pembeni inaruhusu. Usiikaze bolti hivyo hivyo ukitumaini itajitengenezea njia. Kichwa kinachosukumwa na ukuta kinakaa upande, bolti inapinda, na ufunguo wa toki (unaopima nguvu ya kukaza) unakusomea msuguano wa ukuta ukidhani ni mvuto wa bolti.

---

Dada_Milingi

Kaka Mkerezaji, hesabu yako ni safi, ila upana mtu anaweza kuukosea na kazi ikasimama. Sakafu ya shimo haina msamaha, na ndiyo watu wanaichezea zaidi.

Naona wengi wanachukua dreli ya 11, wanashuka milimita sita, wanaita kazi imekwisha. Ncha ya dreli ya kawaida ina pembe ya 118. Kwa kipenyo cha 11 ule mteremko wa ncha una urefu wa kama 3.3 kutoka ncha hadi kona ya nje. Bolti inakalia koni, inagusa kwa ukingo wa nje wa kichwa tu. Utaikaza, itasikika ngumu, na baada ya mtikisiko ukingo unajizamisha na bolti inalegea. Katika chuma cha kutupwa au alumini, ile koni inafanya kazi ya kabari na inaweza kupasua.

Njia zinazoaminika kwangu ni hizi. Ya kwanza ni kauntaboa, kikata cha sakafu bapa, yenye pini ya kuongoza: toboa tundu la mwili kwanza, pini iingie humo, ushuke. Vitovu vinalingana vyenyewe kwa sababu pini haina pa kwenda. Kauntaboa za DIN 373 za M6 ni 11 kwa pini ya 6.6 au 6.4, za M8 ni 15 kwa 9 au 8.4. Hakikisha umenunua inayolingana na tundu lako. Pini nyembamba ndani ya tundu pana inacheza, na mdomo wa shimo unatoka wa yai.

Ya pili ni endimili, kikata chenye meno pembeni na ncha bapa, kwenye mashine ya milingi, meza ikiwa imefungwa. Hapo naanza na shimo la kichwa, kisha senta (dreli fupi ya kuanzishia), kisha dreli ya mwili, vyote bila kugusa meza. Nikianza na tundu dogo endimili isiyo na meno ya katikati pia inaweza kushuka, lakini mpangilio wowote utakaochagua, usifungue meza katikati ya kazi.

Kwenye mashine ya dreli isiyo na mshiko imara, endimili itatangatanga. Tafuta kauntaboa, au noa upya dreli ya zamani iwe na ncha bapa, utangulie na dreli ya kawaida ya kipenyo hicho hicho kisha umalizie sakafu kwa ile bapa. Mwendo wa mzunguko uwe wa polepole kuliko ungetumia kwa dreli ya kipenyo hicho, la sivyo sakafu itatoka na mawimbi.

---

Mwanafunzi_wa_Karakana

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza: kama matundu hayalingani, si rahisi zaidi kupanua tundu la mwili? M8 nikitoboa 10 badala ya 9, bolti inaingia bila ugomvi.

---

Mkerezaji

Marahaba. Swali lako ni la msingi na nitalijibu kwa namba.

Kichwa cha M8 hakigusi kikalio kwa 13 kamili, maana ukingo wake wa chini umevunjwa kona. Duara linalogusa lina kipenyo cha angalau 12.33. Toa tundu la mwili katikati, kinachobaki ni pete. Kwa tundu la 8.4 pete hiyo ina eneo la milimita za mraba 64. Kwa 9 ni kama 56. Kwa 10 ni 41 tu. Umeongeza milimita moja kwenye tundu, umepoteza zaidi ya robo ya kikalio.

Sasa mzigo. Eneo la mvuto la M8, yaani sehemu ya mwili inayobeba mvuto, ni milimita za mraba 36.6. Bolti ya daraja la nguvu 8.8 ikikazwa hadi robo tatu ya nguvu yake ya uthibitisho (mvuto inaouvumilia bila kuharibika), ambayo kamili ni 580 N/mm², inavuta kama nyutoni 15,900. Gawanya kwa 56 upate 285 N/mm² chini ya kichwa. Gawanya kwa 41 upate karibu 390. Ukiweka bolti ya daraja 12.9 na kuikaza kwa uwiano huo huo, mvuto unafika nyutoni 26,600, na juu ya pete ya 41 ni 650 N/mm². Alumini ya 6061-T6 inaanza kubonyea kwenye kama 276. Hata chuma laini kitabonyea mahali hapo.

Kikalio kikibonyea hata kwa sehemu ndogo ya milimita, mvuto wa bolti unashuka, kwa sababu bolti fupi inarefuka kwa kiasi kidogo sana inapokazwa na hakuna akiba ya kupoteza. Ndiyo maana mimi hupanua shimo la kichwa kwa moyo mweupe na tundu la mwili kwa shingo upande. Upana wa juu haugharimu kikalio chochote, upana wa chini unakila.

Na ukipanua tundu la mwili, kumbuka shimo la kichwa nalo lazima lipande: 13.27 jumlisha 2 ni 15.27. Hata ile 15 haitoshi tena.

---

Dada_Milingi

Mdogo wangu, ongeza na hili la shingo. Pale mwili unapoungana na kichwa hakuna kona kali, pana mviringo mdogo, na mviringo huo unahitaji nafasi. Kiwango kinauruhusu ufike kipenyo cha 6.8 kwa M6 na 9.2 kwa M8. Tundu lako ni 6.6 au 9. Kona kali ya tundu inaweza kuushika mviringo kabla kichwa hakijakalia. Vunja kona ya tundu la mwili pale kwenye kikalio, kidogo tu, ipite kipenyo cha mviringo huo bila kuzidisha, ili pete ibaki. Kwenye tundu finyu la 6.4 au 8.4 hilo ni la lazima. Chombo cha kuvunja kona lazima kiwe chembamba kuliko shimo la kichwa, watu wanasahau hilo mpaka wamefika kwenye mashine.

---

Fremu_Nzito

Nimepanua hadi 15, zote nne zimekaa. Asanteni sana. Sasa kina: nimeshuka 8 kamili, lakini kichwa kimoja nikipitisha kidole nakisikia kimejitokeza kidogo. Bamba lingine linatakiwa kuteleza juu yake.

---

Mkerezaji

Kina = urefu wa kichwa + nafasi ya juu. Nafasi inayotumika katika DIN 974 ni 0.4 mpaka M6, na 0.6 kwa zile zilizo juu ya M6 mpaka M20. Kwa hiyo M6 ni 6.4, M8 ni 8.6, M10 ni 10.6. Ukiweka washa, unene wake unajumlishwa. Pima kina kutoka sakafuni hadi uso wa mwisho wa kazi. Kama uso utasagwa baadaye, ongeza kiasi kitakachoondoka, la sivyo jiwe la kusagia litakutana na vichwa.

Kuzidisha kina "kwa usalama" nako kuna gharama. Kila milimita unayoshuka inaondoka kwenye nyama iliyobaki chini ya kichwa. Kwenye bamba la 12 ukizamisha M8 kwa 8.6, kinachoshika ni 3.4. Hapo mimi singeweka bolti ya kichwa kirefu. Zipo za kichwa kifupi za DIN 7984, ambako M8 ina kichwa cha 5, M6 cha 4, M10 cha 6. Kipenyo cha kichwa ni kile kile. Tundu lake la ufunguo ni dogo na halina kina, kwa hiyo usiikaze kama ndugu yake.

---

Rangi_na_Kinga

Mimi upande wangu ni rangi ya unga. Tabaka ni microni 60 hadi 100 kwa kila uso. Shimo la 11 linarudi likiwa 10.8. Kwa hesabu ya Mkerezaji ya 10.82 tayari limekataa, au nimekosea?

---

Mkerezaji

Hujakosea kuona hatari, ila tazama na tundu la mwili: nalo limepungua kutoka 6.6 hadi 6.4, kwa hiyo mwendo wa bolti umeshuka kuwa 0.4. 10.22 jumlisha 0.4 ni 10.62, kichwa bado kinaingia. Ulichopoteza ni uhuru wa kulinganisha matundu, karibu theluthi yake. Bamba lililofungika vizuri kabla ya rangi linaweza kukataa baada ya rangi.

Linaloniumiza zaidi ni rangi kwenye kikalio. Rangi chini ya kichwa inatiririka polepole kwa shinikizo na bolti inalegea bila mtu kuigusa. Zibeni mashimo kabla ya kupuliza. Vizibo vya mpira vinavyovumilia moto wa tanuri vipo kwa kazi hiyo.

---

Mwanafunzi_wa_Karakana

Na washa? Nimejaribu washa ya kawaida ya M8 kwenye shimo la 15, haiingii.

---

Dada_Milingi

Haiwezi kuingia, washa ya kawaida ya M8 ni 16 kwa nje, ya M6 ni 12, ya M10 ni 20. Hata zile ndogo za ISO 7092 ni 15 kwa M8, nazo zinataka shimo kubwa zaidi ya hapo. Swali la kwanza liwe: washa ya nini? Kwenye chuma chenye kikalio bapa bolti ya aleni haihitaji washa. Kwenye alumini laini, plastiki au mbao inahitaji, na hapo unapanga shimo kwa kipenyo cha washa. Kanuni ni ile ile, weka washa mahali pa kichwa, na kumbuka washa nayo ina uhuru wake juu ya bolti.

Bolti ya kichwa cha pembe sita ni habari nyingine kabisa. Shimo linatakiwa limeze soketi, si kichwa. Kichwa cha M8 ni 13 bapa kwa bapa, lakini ukuta wa soketi unaongeza milimita kadhaa kila upande. Pima soketi yako kwa nje, uongeze nafasi. Ndiyo sababu bolti ya aleni inapendwa penye ufinyu, ufunguo wake unaingia ndani ya kichwa.

---

Seremala_Mkongwe

Kwenye mbao tunafanya kinyume cha kauntaboa ya pini. Shimo pana kwanza, kwa dreli ya Forstner inayoacha sakafu bapa, na ile alama ya ncha yake katikati ndiyo inayoongoza dreli nyembamba. Ukianza na tundu jembamba, ncha ya Forstner inakosa pa kushika na inarukaruka. Upana tunaupanga kwa kizibo cha mti kitakachoziba juu, kichwa kitajipa nafasi chenyewe. Acheni nyama ya kutosha chini, mbao inabonyea na mwenye nguvu ya mkono anaweza kukivuta kichwa mpaka kitokee upande wa pili.

---

Mchapa_Plastiki

Kwa wanaochapa kwa printa ya 3D: matundu hutoka madogo kuliko yalivyochorwa. Mimi huchapa kipande kidogo chenye shimo moja tu, napima, kisha narekebisha mchoro. Na kama shimo la kichwa linatazama chini wakati wa kuchapa, kikalio kinachapwa hewani na kinatoka na nyuzi zinazoning'inia. Geuza kipande, au acha tabaka moja jembamba lizibe tundu la mwili, utalitoboa baadaye kwa mkono.

Swali langu: bolti za inchi zina kanuni tofauti?

---

Mkerezaji

Hapana. Bolti ya 1/4 ina kichwa cha 3/8. Tundu la wastani ni 9/32, uhuru ni 1/32. Jumla 13/32. Jedwali linakupa 7/16, yaani 14/32, baki ni 1/32, yaani vitovu vinaweza kupishana 1/64. Usichanganye tu majedwali: shimo la 11 na la 7/16 yanakaribiana sana kwa macho, lakini M6 na 1/4 hazikubaliani kwenye meno.

---

Fremu_Nzito

La mwisho kwangu wakuu. Bamba ni 20, nimezamisha 8.6, chini kuna alumini yenye meno. Ninunue bolti ya urefu gani?

---

Dada_Milingi

Urefu wa bolti ya aleni unahesabiwa kutoka chini ya kichwa. Chini ya kikalio umebaki na 11.4. Kwenye alumini napenda meno yashike mara mbili ya M, kwa hiyo 16. Jumla 27.4. Ya 25 inakupa 13.6 za kushika, ya 30 inakupa 18.6. Chukua 30 ikiwa tundu la meno lina kina. Pima kina hicho kwanza, meno yaliyo kamili, ncha ya dreli usiihesabu, na bakisha milimita mbili au tatu chini. Bolti ikifika mwisho wa tundu kabla kichwa hakijakalia, itakazika vizuri mkononi na bamba litabaki halijabanwa. Kama meno yanaishia 18, kata ya 30 ifike 27, uvunje kona ya ncha kabla ya kuiingiza.